Kompyuta Tatu, Barua Moja

Mtu alikuwa amemtangulia.

Seremala alikodolea macho kompyuta ya sebuleni, jasho likimchuruzika na unga wa mbao ukimganda shingoni. Alikuwa amekuja mbio kutoka karakana kufuta barua pepe moja tu, na barua yenyewe haikuwepo. Alipandisha, akashusha. Alibofya kila palipobofyeka. Aliona mteja wa kabati, mteja wa vitanda, na yule mlalamishi wa kiti kinacholia. Barua ya chuo, hakuna.

"Mashine gani hii!" alifoka, akakipiga kipanya kofi kana kwamba ndicho kilichoimeza.

Saa moja tu nyuma aliiona kwa macho yake kwenye kompyuta ya karakana. Yeye na binti yake walitumia anwani moja kwa mambo yote, ya kazi na ya nyumbani. Chuo cha ng'ambo, kile kilichomkataa binti miezi miwili nyuma, kilikuwa kimegeuza maneno: mwanafunzi mmoja amejitoa, nafasi ni yake, athibitishe kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo.

Aliisoma mara mbili. Tangu mama mtu afariki, nyumba ilikuwa ya watu wawili. Alifikiria kula peke yake, kupiga randa peke yake, kuzungumza na misumari. Hofu ikamshika, akaifuta kabla hajaushauri moyo wake.

Lakini kompyuta zilikuwa tatu: ya karakana, ya sebuleni, na ile ndogo ya binti. Fundi aliyeziunganisha alimweleza mengi siku ile.

"Barua hazikai humu ndani, mzee wangu. Zinakaa kwenye seva, mbali huko. Hizi tatu ni madirisha tu ya chumba kimoja."

"Haya, haya, nimekuelewa," seremala alijibu, huku akipima ubao. Yeye alijua jambo moja: nyumba yenye milango mitatu hufungwa milango yote mitatu.

Basi akavua viatu, akanyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe mpaka chumbani kwa binti. Kompyuta ndogo ilikuwa wazi mezani. Akatafuta juu, akatafuta chini. Hata humo barua haikuwepo.

Hapo ndipo alipoanza kuhesabu. Yeye kafuta moja. Hizi mbili kafuta nani? Nyumba haina mtu wa tatu. Ameisoma! Ameisoma, akaiondoa baba asiione, na pengine begi limeshafungwa. Alijikasirikia, akaikasirikia kompyuta, akamkasirikia hata yule fundi. Wanasema za mwizi ni arobaini. Zake hazikufika hata saa mbili.

Mlango ukalia.

"Baba? Unatafuta nini humu?"

Binti alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja nyuma. Ubavuni mwake ilichungulia ncha ya karatasi iliyokunjwa. Kumbe ameshaichapa, seremala aliwaza, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nilikuwa... napangusa vumbi."

"Kwa viatu mkononi?" Binti alicheka kidogo, kisha akaacha. "Afadhali nimekukuta. Nina jambo la kukwambia, baba. Nimeliwaza tangu wiki iliyopita, nikawa nakosa pa kuanzia. Kaa kwanza."

"Hapana, mwanangu. Usiseme, najua."

"Unajua?"

"Najua, na nimekosa." Aliviweka viatu chini. "Ile barua ya chuo niliifuta kule karakana kwa mkono wangu huu. Nikaja kumalizia hizi mbili, nikakuta umenitangulia. Watu wasiokujua wamekupa nafasi, na mimi niliyekulea nikataka kukufungia mlango. Niliogopa kubaki peke yangu, basi, hakuna jingine. Wathibitishie, mwanangu. Mwisho wao ni saa kumi na moja, na hii ni saa tisa na nusu. Nenda ukasome."

Mkono wa binti uliokuwa nyuma ulishuka polepole, karatasi ikamponyoka na kukunjuka sakafuni katikati yao. Ilikuwa mchoro wa kibao kipya cha karakana, herufi zimepakwa rangi moja moja kwa subira: BABA NA BINTI, MASEREMALA.

"Barua gani, baba?"