Pedi Nene ya Kitambaa

Aikande alihisi damu ikimshuka kwa nguvu katikati ya mtihani wa kidato cha nne, akaacha kuandika.

Siku zake zilikuwa nzito tangu mwanzo. Kwenye mtihani wa majaribio, pedi ya dukani ililowa kabla saa moja haijaisha. Alitoka na sweta kiunoni, karatasi yake ikabaki nusu. Ndiyo maana asubuhi hii, shangazi alipomwekea kitandani pakiti ya dukani na pedi alizomshonea mwenyewe kwa taulo la mtumba la soko la Kiboriloni, Aikande alichukua ya taulo, ile nene kuliko zote.

“Ukirudi tutaifua tuianike juani,” shangazi alisema. “Usiionee aibu, mwanangu.”

Sasa alipeleka mkono polepole nyuma ya sketi. Pakavu. Akapapasa kiti. Pakavu pia.

Akanyoosha mkono juu. Msimamizi alimsogelea, akainama kwa huruma.

“Unataka kutoka, binti?”

“Hapana, mwalimu,” Aikande akajibu, kwa sauti iliyofika hadi madawati ya nyuma. “Naomba karatasi za kuongeza.”