Mjukuu wa Dirishani

"Mwachie mkono!"

"Mwachie wewe! Mimi nimeushika kwanza."

"Umeshika wa kushoto. Wa kulia ndio mkono."

"Tangu lini?"

Katikati yao alisimama mtoto mwenye mfuko wa karatasi kichwani, umetobolewa matundu mawili ya macho. Alivutwa huku na kule kama shuka linalokamuliwa.

Darasa zima lilikuwa na mifuko vichwani. Watoto wa darasa la pili, wote ndani ya suti za michezo za shule, huwezi kujua nani ni nani. Somo la siku liliitwa "Sisi Ni Nani". Mwalimu, binti aliyetoka chuoni juzijuzi na bado anaamini watu wazima wanasikiliza, alikuwa amepanga hivi: kila mtoto atakuja mbele, aigize jambo moja la kwao bila kutoa neno, wenzake wabashiri, ndipo avue mfuko. Wageni wakae nyuma watulie.

Sasa hao bibi wawili, kutulia kwenyewe wangekutoa wapi?

Mmoja alikuwa fundi cherehani, mama wa baba mtu. Mwingine mkunga, mama wa mama mtu. Mjukuu wa kiume walikuwa naye huyohuyo, hakuna mwingine pande zote mbili. Asubuhi ile wazazi wake, wamechoka kuamua ugomvi, walitoa tamko: mtoto ataigiza mambo ya upande mmoja tu, ule atakaoutaka, na likizo ndefu atakwenda kukaa upande huohuo. Baada ya hapo wakazima simu.

"Mama yake kaniambia anakaa dirishani, dawati la mwisho," mkunga alisema. "Nimekuja moja kwa moja. Wewe umenifuata mimi kama kivuli."

"Nikufuate wewe? Nimemjua kwa mabega! Mabega haya nayashonea tangu yako kwenye nepi. Ona hili la kulia lilivyopanda. La babu yake hili. Kwetu sote tumepinda upande."

"Mabega gani! Mimi nimempokea kwa mikono hii. Sura ya kwanza kuiona duniani ni yangu. Nyie mlikuja baadaye, na chupa ya chai, mkauliza vikombe viko wapi."

"Bibi zangu," mwalimu akasogea, "naomba niseme kitu kidogo. Leo hawa watoto nimewabadilishia vi—"

"Subiri, mwanangu," fundi akasema bila kugeuka. "Mambo ya damu haya."

Mstari wa mbele, mtoto mwingine mwenye mfuko alikuwa akipunga mikono yote miwili kama anasimamisha gari. Mkunga akamwonyesha kiti.

"Kaa chini, mjukuu wangu. Na wewe bibi yako atakuja."

Kisha akainama kwenye tundu la sikio, ingawa mfuko haukuwa na tundu la sikio. "Babu, hebu tembea kidogo. Mwendo wa kwetu."

Mtoto akapiga hatua chache, kifua mbele, makalio yakifuata kwa wakati wake.

"Umeona? Mwendo wa mtu mwenye nyumba yake!"

"Huo ni wa kwetu," fundi akasema. "Nyie mnatembea kama mmepoteza ufunguo. Cheka, babu. Mchekee bibi yako."

Mtoto akacheka. Mfuko ukavimba, ukanywea, ukavimba tena.

"Marehemu mume wangu huyo! Amefufuka!"

"Mume wako alikuwa na kicheko lini, na wewe ndani ya nyumba? Hicho ni cha mama yangu mzazi. Kinatokea puani."

Wageni wengine walishasahau watoto wao. Baba mmoja alitoa simu akaanza kurekodi, mkewe akamwambia asogee kidogo apate sauti.

Fundi akaona hatari, akabadilisha mbinu. Akalainisha sauti. "Likizo ukija kwangu nakushonea suruali yenye mifuko mpaka magotini. Cherehani utakanyaga mwenyewe."

"Kwangu utalala hadi jua likufuate kitandani," mkunga akadakia. "Na atakayekuamsha atanikuta mimi mlangoni."

Mtoto akatulia. Vidole vyake vikakaza.

"Kanibana mkono!" fundi akapiga kelele. "Kanichagua! Jamani, mmeona!"

"Na mimi kanibana! Tena kanibana zaidi!"

"Bibi, samahani, lakini huyu—" mwalimu akajaribu tena.

"Mwalimu!" walimkata kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana juu ya jambo lolote tangu harusi.

Fundi akashusha pumzi. "Basi, mzazi mwenzangu, tusiuane. Avue huo mfuko atutazame machoni, aseme mwenyewe yeye ni wa wapi. Akisema kwenu, nabeba mkoba wangu naondoka."

"Avue. Lakini akisema kwetu usije ukanilowesha hapa kwa machozi."

"Nilie mimi? Damu yangu naijua hata gizani."

Kila mmoja, kwa mkono uliobaki, akashika pembe yake ya mfuko. Wakavuta.

Karatasi ikachanika katikati. Akatokea msichana mwenye pengo la meno ya mbele, uso umelowa jasho, mtoto ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona popote.

Hakuwaachia mikono.

"Bibi," akasema, akimtazama huyu, kisha yule, "naomba mnigombanie tena kidogo."