Kitendawili cha Tisa

"Kitendawili!" ikaita sauti ya Kitavi ndani ya simu.

"Tega!" akajibu mama yake, Kanini, huku akimenya viazi.

"Akiwa macho anajua yote. Akilala, huamka hajui lolote."

Kanini alilijua jibu, lakini alipenda kushindwa. Anayeshindwa humpa mwenzake mji.

"Nipe mji," ikasema sauti.

"Haya, nakupa Uthiru."

"Nimekwenda mji wako, Mwaitu, nimekula, nimeshiba. Jibu ni RAM, kumbukumbu ya kompyuta. Ukizima umeme, imesahau yote."

"Mwaitu" ni kusema "mama yangu" kwa Kikamba. Kitavi alirekodi vitendawili hivyo wiki chache kabla homa ya mapafu haijamchukua, maana mama yake aliishia darasa la saba na vitabu vya ufundi vilimpiga chenga. Sasa Kitavi alikuwa amelala kaburini Mutomo, kando ya baba yake. Kanini alibaki na chumba Waithaka, na simu ile, na duka la kutengeneza kompyuta pale Dagoretti Corner. Koti la kazi la Kitavi, la bluu, bado lilining'inia msumarini. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Mwenye jengo alikuwa amesema wazi: duka la fundi ni la fundi. Mama alete cheti cha ufundi kabla ya mwezi kwisha, ama afunge.

Basi kila jioni alitegewa. Akatoa Kawangware, akatoa Kikuyu, siku moja akatoa hata London kwa mzaha. Sauti ilijibu vilevile: nimekwenda mji wako, nimekula, nimeshiba. Ingejuaje imepewa upi? Mutomo peke yake ndio hakuwahi kuutoa. Mdomo ulikataa.

Vitendawili vilikuwa tisa, na cha tisa kilikuwa na kasoro.

"Nyumba nzima imelala, taa zimezimwa. Mmoja tu yuko macho, anahesabu saa gizani. Nipe mji."

Hapo mteja alisikika akibisha, Kitavi akacheka, "Karibu, karibu," na rekodi ikakatika.

"Mama Kitavi, si nikutafutie hiyo jibu kwa simu yangu?" aliuliza Caren, aliyeuza kava za simu mlango wa pili. "Ni dakika moja tu."

"Wacha, Caren. Kitendawili hujibiwa na aliyekitega."

"Na asipojibu?"

Kanini akaendelea kufuta vumbi mezani.

Siku ya mtihani wa cheti alipanda hadi ghorofa ya nne, katikati ya jiji. Msimamizi, Bwana Oyoo, alimtazama kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Mama, wanaosindikiza watoto wanangojea nje kwa benchi."

"Na wanaofanya mtihani je?"

Vijana wakaangua kicheko. Oyoo naye akacheka, akamsogezea beseni. "Basi karibu. Zima simu kabisa, weka hapa."

Kanini akazima, akangoja mpaka kioo kikawa cheusi, akaiweka juu ya zile nyingine. Beseni likafungiwa kabatini.

Maswali ya kuandika aliyavuka. Ya mikono pia, wakiitwa mmoja mmoja mbele ya Oyoo, mpaka likabaki moja.

"Ukilipata hili, umepita. Ukilikosa, tuonane mwakani," alisema Oyoo. Mbele yao kompyuta ilikuwa wazi ubavuni. "Hii tukiizima jioni, asubuhi inaamka ikidhani ni mwaka wa elfu mbili na tisa. Saa yake haikai. Ni nini kimekufa humu ndani?"

Nyumba nzima imelala. Kanini alikitambua kitendawili papo hapo. Jibu ndilo hakuwa nalo. Vidole vyake vilipita juu ya feni, nyaya, RAM. Vyote alivijua kwa sauti ya mwanawe.

"Dakika moja imebaki, mama."

Akafumba macho. Miji yote ilikuwa imekwisha.

"Nakupa Mutomo," akanong'ona.

Ubaridi ukapita nyuma ya shingo yake.

"Mutomo siendi, Mwaitu," ikasema sauti ya Kitavi, karibu kabisa na sikio. "Huko ndiko nimetoka. Jibu ni kale kabetri ka mviringo."

Kanini akafumbua macho, akakagusa kwa ncha ya kidole. "Ni haka kabetri."

"Sawa kabisa! Umepita, mama." Oyoo akaandika alama, akainua kichwa, akatazama juu ya bega la Kanini, uso ukakunjamana. "Lakini wewe kijana wa koti la bluu, si nilisema wanaosindikiza watu wangojee nje?"