Mtu Hapewi Kisu Mkononi

Twaha alimwona mpishi mkuu akiukandamiza mkono wa kulia wa Mbrazili, mpishi mwenzao, juu ya bamba la kuchomea, na jiko zima la hoteli pale West Bay, ughaibuni, likanuka nyama ambayo hakuna mgeni aliyeiagiza.

"Rudia," mpishi mkuu alisema. "Kijiji chako kinaishinda Lisbon?"

Yalianza kwa mzaha, wakimenya vitunguu. Mpishi mkuu, Mreno, aliisifia Lisbon yao, majumba ya wafalme na makanisa ya kale. Mbrazili akasema kwao kuna barabara moja na mahindi pande zote mbili, lakini mtu akifa mji mzima hulala matanga. Huko Lisbon mtu hufa peke yake, majirani wakaambiwa na harufu.

Twaha alijua, Mbrazili hakujua, kwamba mama wa mpishi mkuu alikufa hivyo hivyo.

Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye bamba, imekunjamana kama utando wa maziwa. Mpishi mkuu akampa mgongo, akarudi kwenye paja lake la mbuzi, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama.

"Twaha, kisu."

Kilikuwa kimetoka kunolewa. Kwao Tanga, bibi yake alimchapa kofi kila alipompa mtu kisu mkononi, maana huleta ugomvi: kiweke chini, mwenyewe akiokote. Twaha alikiweka mezani taratibu, mpini kwa nje, kama alivyofunzwa.

Mpishi mkuu alikuwa bado amenyoosha kiganja, akisubiri, Mbrazili alipokichukua kisu kwa mkono wa kushoto.