Gari la Jumapili

"Tuwashe na hiki cha makalioni," Gudveig alisema, huku kidole chake kikibonyeza kitufe cha kupasha kiti joto. "Matako yangu yamekuwa barafu."

Mwanawe Eilif, aliyeshika usukani, alitupia jicho kipimo cha chaji. Kilikuwa kinashuka.

"Mama, tukizima hita kidogo tu, tutafika. Wenye magari ya umeme wote wanaendesha na kofia na glavu. Ndiyo maisha yenyewe."

"Nina miaka themanini na nne. Nikifa kwa baridi ndani ya gari la majaribio, nani atalilipa?"

Eilif akacheka, akaongeza hita. Nyuma yao Trygve, muuza magari, alikuwa amekaa magoti yakigusa kidevu, kabanwa na mawe ya chumvi ya kulambwa na kondoo ambayo bibi aliyanunua njiani. Theluji imejaa nje, na yeye jasho linamtoka.

"Kondoo si uliwauza zamani, mama?" Eilif aliuliza.

"Kulungu nao wana ndimi. Endesha."

Asubuhi ile gari la dizeli la Eilif lilikuwa limekataliwa kwenye ukaguzi. Yeye alitaka kumwona fundi. Gudveig hakutaka hata kusikia. "Linanuka. Likapondwe chuma chakavu leo hii," alisema, na likapondwa kabla hawajanywa kahawa.

Gari hilo ndilo lililokuwa likimpandisha Eilif mlimani kila Jumapili tangu baba yake afe. Hajakosa hata moja. Akifika hula maandazi bapa ya mama yake na jibini la kahawia, huitia ufunguo saa ya ukutani ambayo haijasimama, husoma matangazo ya vifo gazetini kwa sauti kubwa, kisha huvihesabu vidonge vya mama yake kuona kama vimepungua inavyotakiwa. Jirani wakikutana na Gudveig kanisani humwambia, "Umebarikiwa wewe. Wa kwetu hutuma kadi tu." Naye huitikia kwa kichwa.

Basi la Jumapili halipo. Bila gari, ziara zimekwisha. Ndipo Gudveig akasema gari atalinunua yeye, kwa pesa ya msitu aliouza.

Pale kwenye duka la magari Eilif alisimama mbele ya gari kubwa jeusi, akalipapasa kama ng'ombe wa maonyesho.

"Hili linapanda mpaka kwako na kurudi, mama, na chaji inabaki."

"Jeneza hilo? La nini kwa mwanamume mmoja mwenye sufuria mbili?" Akakielekezea fimbo kigari kidogo cha kijani pembeni, kilichokwisha tumika. "Hili linakwenda mpaka wapi?"

"Wakati wa joto, bibi, mbali tu," Trygve alisema.

"Huku kwetu joto ni alasiri mbili tu kwa mwaka. Nimekuuliza kwenye baridi."

Trygve akakohoa. "Betri yake si changa. Nisikudanganye."

"Basi tusibishane. Twende nalo mpaka mlangoni kwangu, tuone."

Eilif aligeuka upande, akajifanya anapenga kamasi. Mama gani huyo, mzee vile, anataka kuhakikisha kwa macho yake kwamba mtoto atafika!

Walikijaza chaji pomoni kwenye mashine ya mwisho, nje ya duka la chini bondeni. Baada ya hapo ni mlima na misonobari tu, mwendo wote.

"Fungua dirisha," Gudveig alisema walipoanza kupanda.

"Na hita inawaka, mama?"

"Nataka kuona vizuri."

Walipovuka daraja Eilif alipiga honi kwa furaha. "Limevuka! Si nilisema? Dogo lakini lina moyo!"

Gudveig alinyoosha mkono akawasha na kile cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma.

Mbele ya kiwanda cha mbao kilichofungwa, kigari kilipunguza mwendo, kikalia pii, pii, kikasimama. Juu kabisa, kama kiberiti kilichoangushwa kwenye shuka, ilionekana nyumba ya Gudveig.

Eilif alilaza kichwa kwenye usukani. "Basi, mama. Tumwachie Trygve kigari chake. Nitakopa, nichukue lile jeusi."

"Ukope na huo mshahara wa kupachika vigae sakafuni? Hapana. Nimeshalipenda hili. Nalilipa leo, liandikwe jina lako."

"Lakini halifiki!"

"Litakufaa mjini. Kazini, dukani, kwa daktari wa meno. Mimi usinifikirie."

Hapo Eilif alilia kweli. Alimkumbatia mama yake juu ya mikanda, kofia ikamwanguka. "Unajinyima kwa ajili yangu," alisema. "Lakini sikuachi peke yako kipindi chote cha theluji, naapa. Nitaliegesha hapa hapa kiwandani, nimalizie kwa miguu."

"Sawa, mwanangu. Sasa nenda pale kwenye kona, simu inashika, umwite jirani aje na trekta."

Eilif akashuka. Goti la kwanza likalia, la pili likalia, akajinyoosha taratibu akishikilia mlango, akaanza kupanda.

Trygve alingoja mpaka jamaa afike mbali kidogo, akasogeza uso katikati ya viti.

"Bibi, unisamehe. Kwenye simu ile ya asubuhi uliniagiza nikutafutie lisiloweza kuvuka daraja. Hili limevuka."

Gudveig alimtazama mwanawe akichechemea kwenye theluji, anasimama, anajishika goti, anasogea tena.

"Hapa panatosha," alisema, akazima kitufe cha hita. "Magoti yake hayafiki."