Pole na Kazi

Bega la Semkiwa lilipona zamani, ila bangili ya kazini haikuwa na habari. Kila mfanyakazi wa mkonge aliivaa, na sheria ilikuwa moja: ikisikia aliyeivaa anapewa pole, huyo ni majeruhi, kesho apangiwe kazi nyepesi. Walioitengeneza hawakujua kwamba huku pole ni salamu.

Basi badala ya kubeba matita, Semkiwa alishinda kitini akiisikiliza mashine kama inakwaruza. Saa tisa yuko nyumbani, anakuna nazi na kuimba taarabu. Mkewe akirudi anakuta wali umeiva.

"Pole na kazi, Baba Rehani," humwambia huku akicheka, na bangili hulia ti, ikamwongezea siku nyingine.

"Na wewe..."

"Miye usinipe," humkatiza. Mama Rehani aliendesha trekta la shamba, na kulishuka hakutaka hata kwa siku moja.

Jioni moja walikuwa wakicheza jikoni, kiuno huku, mwiko kule, kiwiko cha Mama Rehani kikagonga kikaango. Mafuta yakamrukia mkononi. Semkiwa akafungua kinywa, neno likamfika kwenye ncha ya ulimi. Mkewe akamkazia macho, akatikisa kichwa.

Akalimeza. Aliushika ule mkono, akaumwagia maji, akaupuliza hadi wimbo wa redio ukaisha. Mama Rehani akaanza kucheka tena, machozi yakimtiririka.

Kwenye vifundo vya mikono yao, bangili mbili zilikaa kimya, zikisikiliza.