Kamba za Kiatu cha Anselmo

Basi ukuta wa mji ulishabomoka, na askari wa Msalaba wakafika mpaka mlangoni pa msikiti, panga mikononi, matope mpaka magotini. Pale mlangoni kasimama mtu mmoja tu, mzee Shuaibu, mfagiaji. Wengine wote wamekimbia, na siwalaumu, nani asiyependa roho yake?

Askari wa mbele, Anselmo, jitu kubwa hasa, akanyanyua upanga. Mzee akapiga magoti.

"Anakuomba umwachie roho!" wenzake wakacheka. "Kata upesi, au ni babu yako?"

Kumbe wapi! Mzee alishika kiatu cha Anselmo, akaanza kufungua kamba, fundo moja moja, shingo iko chini ya upanga. Alikuwa na moyo mzee yule, nyie!

"Humu hatuingii na viatu, mwanangu."

Anselmo lugha hakuijua hata neno moja. Kiatu kikatoka. Mguu malengelenge matupu, unavuja damu.

"Masikini, umetembea wewe," mzee akasema, akaupangusa kwa kilemba chake.

Upanga bado uko juu. Halafu Anselmo, polepole, akasogeza na mguu wa pili.